Jalada la Muda

Kitendawili. Kina jina langu mgongoni na maisha yangu tumboni. Wenye kazi nacho hukifungua watakapo, lakini nikikigusa mimi mwenyewe ni kosa. Mkishindwa mtanipa mji, nami leo sitaki Mombasa wala Tanga. Nipeni Gerezani, ule mtaa wa jirani na Kariakoo, maana huko ndiko anakokaa Hajira Mbaruk, na jibu alikuwa nalo yeye, kwenye rafu, hatua sita kutoka kwenye kiti chake.

Orodha ilibandikwa Jumatatu, wiki ya pili ya Aprili, kwenye ubao wa matangazo pale chini ya ngazi. Ofisi ile ni ya serikali, mojawapo ya zile zilizobaki mjini nyingine zilipohamia Dodoma, na watumishi wake wanajuana mpaka viatu. Orodha yenyewe huiita tange. Humo kila mtumishi hupangwa kwa ukubwa wake kazini, nani alitangulia kwenye kada na nani alifuata. Mwaka huu tange ilikuwa na uzito wake, kwa sababu ulikuwa umetangazwa mserereko, yaani waliocheleweshwa madaraja wapandishwe kwa mkupuo mmoja wawafikie wenzao walioanza nao. Aliye juu angeserereka. Aliye chini angebaki alipo.

Hajira aliisoma mwavuli ukimdondoshea maji miguuni. Alianza kujitafuta kutoka juu, kama mtu asiye na wasiwasi. Namba tisa akamwona Goodluck. Akadhani amejiruka, akarudi juu, hakujiona. Akashuka. Namba kumi na mbili alikuwa Caroline, ambaye mpaka leo uzi wa jalada anaufunga kama kamba ya kiatu. Namba kumi na nne ndiyo ilikuwa yake: Hajira A. Mbaruk, mtunza kumbukumbu msaidizi, tarehe ya kuingia kwenye kada, Februari 2019.

Si kweli. Aliingia Novemba 2013, na tarehe hiyo anaijua kama ya ndoa yake. Kabla ya hapo alikuwa mhudumu, wa kufagia na kuchemsha chai, akasoma masomo ya jioni miaka mitatu mpaka akashikizwa masjala, chumba cha majalada, na Novemba ile barua ya kubadilishiwa kada ikatoka. Goodluck alikuja mwaka huohuo akiwa mwanafunzi wa mazoezi, shati limemzidi mabega, na ni Hajira aliyemfundisha kwamba barua ikiingia jaladani hupewa namba yake, folio, kwa wino mwekundu, si wa bluu. Ajira aliipata mwaka uliofuata. Sasa alikuwa mbele yake, na tangu Februari, mkuu wa masjala alipostaafu, alikuwa anakaimu kiti.

"Mama Zeina, labda kompyuta imekosea," alisema Caroline nyuma yake.

"Kompyuta haijui tarehe ya mtu," Hajira alimjibu. "Inakula inacholishwa."

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Bado mitatu astaafu, na pensheni hupigwa kwa mshahara wa mwisho. Mserereko mwingine hakuna aliyejua utakuja lini. Akibaki namba kumi na nne atatoka serikalini na daraja la mtu wa juzi, na atazeeka nalo. Hilo hakulisema mbele ya Caroline. Alikunja mwavuli, akapanda ngazi.

Goodluck alikuwa anamngoja mlangoni, kalamu mkononi, haandiki kitu. Akamwambia kwamba malalamiko yanapokelewa siku kumi na nne, na kwamba yeye orodha hakuipanga.

"Sijasema umeipanga."

"Lete tu nakala ya barua yako ya kubadilishiwa kada, Mama. Ukiwa na barua, kwisha habari."

"Ninayo nyumbani," alisema Hajira, na siku hiyo alifanya kazi mpaka saa tisa na nusu bila kuinua sauti wala uso.

*

Siku ya tatu ikawa ya vitenge. Kila mwaka, ikikaribia Mei Mosi, wanawake wa ofisi ile hushuka Kariakoo kuchagua kitenge cha maandamano, na desturi yao ni moja: mkubwa wao ndiye anayetia mkono kwanza kwenye robota, wengine wanafuata. Miaka sita mfululizo aliyetia mkono kwanza ni Hajira. Hakuna aliyewahi kuuliza daraja lake. Hata michango ya misiba alipangiwa ya wakubwa, naye alitoa.

Duka ni la Zayed, Mwarabu wa Kariakoo aliyezaliwa ghorofa ya juu ya duka hilohilo. Nje wachukuzi walikuwa wanapishana na mikokoteni kwenye tope, mmoja akipiga kelele watu wachunge miguu. Zayed alipomwona Hajira alitoa stuli yake mwenyewe, akaipangusa kwa kiganja.

"Bosi wangu, shikamoo. Karibu ukae."

"Bosi tumemwacha ofisini, kaka Zayed," alisema Caroline, na alisema kwa kucheka, kama mtu anayesahihisha kitu kidogo. "Siku hizi bosi ni Goodluck. Kwenye orodha hata mimi nimemzidi Mama hapa."

Wenzake wawili walicheka nusu, wakaacha. Zayed hakujua afanyeje na stuli. Aliishika kidogo, kisha akaiweka katikati ya duka, pasipo mtu. Robota akalisogeza mbele ya Caroline.

Caroline akachagua cha maua ya manjano, kizuri kwa macho. Hajira hakukataa. Alilowesha kidole kwa ulimi, akasugua pembe ya kitambaa, akakigeuza kidole watu wakione. Kilikuwa cha manjano mpaka kwenye kucha.

"Mvua ya Mei Mosi haijawahi kutukosa," alisema. "Tukivaa hiki, tukifika uwanjani tutakuwa tumefanana na ubwabwa wa bizari. Zayed, teremsha kile cha bluu, cha rafu ya pili. Na hiyo stuli nipe, magoti yananiuma."

Zayed akateremsha haraka. Wakanunua cha bluu. Caroline alilipa, na njia nzima ya kurudi alimbebea Hajira mwavuli. Lakini kwenye mtaa wa Msimbazi, wakisubiri basi la mwendokasi lipite, Hajira aliona kidole chake bado kina rangi, akakificha ndani ya ngumi.

*

Nyumba ya Gerezani ni ya vyumba viwili na ua. Wanakaa watatu: Hajira, mumewe Khalfani ambaye ni fundi wa gia boksi, na Bi Fatuma, mama yake Khalfani, mwanamke wa miaka themanini na ushee, mwenye meno machache na maneno mengi. Binti yao Zeina ameolewa Lindi.

Jioni ile Hajira alivuta sanduku chini ya kitanda, akatoa bahasha ya kaki. Vyeti vilikuwamo. Hati ya kiwanja cha Chanika ilikuwamo. Kadi ya kliniki ya Zeina, kuukuu kama ya mwaka arobaini na saba, ilikuwamo. Barua haikuwamo. Alimwaga vyote mkekani, akavipanga upya kimoja kimoja, kama afanyavyo kazini. Haikuwamo.

Bi Fatuma alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Hiyo barua, mwanangu, ilikuwa na picha juu?"

"Ilikuwa nayo, Mama. Nembo ya serikali."

"Bibi na bwana wamesimama, wameshika pembe za tembo?"

"Ndiyo."

Bi Fatuma akauweka ungo chini. Kisomo chake ni cha msahafu; herufi za ofisini hazijui, na hajawahi kujifanya anazijua. Miaka ile alikuwa anauza karanga pale kona, na karatasi za kufungia alikuwa anaokota humohumo ndani.

"Basi hiyo niliifungia karanga," alisema. "Bibi na bwana wenyewe niliwaona wazuri, nikasema kifuko hiki kitapata mteja. Waliinunua wale mafundi waliokuwa wanajenga barabara ya mwendokasi."

Khalfani akatoka, akaenda uani. Hajira alibaki anaiangalia bahasha. Aliuliza, sijui kwa nini aliuliza, ilitoa vifuko vingapi.

"Viwili tu. Ilikuwa nzito, haikunjiki vizuri."

Kisha Bi Fatuma akaanza kulia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, akifuta machozi kwa pembe ya kanga. Akasema wampeleke kesho huko ofisini akaape mbele ya mkubwa wao, yeye haogopi, aseme ni yeye aliyewauzia mafundi daraja la mkwewe kwa shilingi mia mia.

Hajira akamsogelea, akachukua ungo, akaendelea kuchambua mchele pale mwenzake alipoachia.

"Ukienda, Mama, watakufungulia jalada na wewe," alimwambia. "Na ukishakuwa nalo, hutoki."

*

Khalfani alikuwa na lake. Alilisema asubuhi, na kesho yake akalirudia. Ufunguo wa rafu ya majalada ya watumishi si anao Hajira mwenyewe, kibindoni, kila siku ya Mungu? Nakala ya barua si lazima iwe jaladani mwake? Basi mchana wenzake wakienda kula afungue, aangalie, atoe, ampelekee afisa utumishi. Kuna ubaya gani mtu kuangalia chake?

Hajira akamweleza tena jambo ambalo Khalfani amelisikia miaka yote bila kulisadiki. Masjala mtumishi haligusi jalada lake. Halifungui, halibebi, hata vumbi halipangusi. Likihitajika, mwenzake hulitoa. Hiyo ndiyo amri ya kwanza ya chumba kile. Wapo walioivunja, na Hajira anawajua kwa majina.

"Na nikiivunja leo, hata barua nikiikuta, watasema niliipachika mwenyewe," alisema. "Nitakuwa nimeichoma kwa mkono wangu. Ya Mama afadhali, ile ililiwa na karanga."

Lakini Ijumaa mchana alijikuta peke yake. Mvua ilikuwa imewazuia watu mgahawani. Alisimama mbele ya rafu, akaliona: namba 211, mgongo wake umechakaa, jina lake kwa hati ya mkono ya mtu aliyekwisha kufa. Liko pale, na ufunguo uko pale. Akapeleka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu, na hivyo hivyo akasimama mpaka aliposikia viatu vya Caroline ngazini.

Jumamosi alimpelekea Khalfani chakula gereji. Palikuwa na mteja wa Mbagala, mwenye Fuso, analalamika kwamba gari lilitengenezwa mwezi wa pili na bado linavuja oili. Khalfani alikuwa ameshaingia uvunguni, ameshatoka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona aibu yake mwenyewe.

Akaeleza, huku ananawa mikono kwa dizeli. Gia boksi likishushwa na kupelekwa kuchongwa, vifaa vipya vinavyoletwa havina pa kukaa. Basi huwekwa kwenye ndoo, ndoo huandikwa jina la mwenye gari kwa chaki, na gia boksi likirudi, kazi ya kwanza ni kumimina ndoo. Safari hii gia boksi lilirudi siku ambayo fundi aliyeiweka ndoo hakuja kazini. Likafungwa. Sili mpya na boliti zake zikabaki.

"Zimebaki wapi?" aliuliza Hajira.

"Si zile kule chini ya benchi. Miezi miwili zinaniangalia."

"Na jina lipo?"

"Lipo. Chaki yenyewe haijafutika."

Hajira aliweka bakuli la chakula juu ya tairi, akakaa chini juu ya boksi la vipuri, na kitenge chake kizuri kikaingia oili asijali. Kwa sababu masjala nao wana ndoo yao. Jalada likiwa limepelekwa kwa wakubwa na barua yake ikaingia, barua haisubiri mezani. Hufunguliwa jalada la muda, kava jembamba lenye namba ileile, na barua hulazwa humo. La asili likirudi, la muda humiminwa ndani yake, yakawa kitu kimoja. Na Novemba ile ya 2013, jalada namba 211 lilikuwa wapi? Lilikuwa juu kwa mkurugenzi, kwa sababu ya suala hilohilo la kumbadilishia kada. Barua ilipoletwa masjala, yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuishika. Akamwita yule mwanafunzi wa mazoezi mwenye shati kubwa, akamwambia: haya, leo utafungua jalada la muda la kwanza maishani mwako, mimi nitakaa kule mbali.

"Khalfani," alisema, "nimeipata ndoo yangu."

*

Siku ya kumi na mbili, Ijumaa, afisa utumishi alimwita saa nne. Anaitwa Anaeli, mwanamke mrefu wa Upareni, hapendi hadithi ndefu. Goodluck naye aliitwa, kama kaimu mkuu wa masjala, ili ajibu mambo ya kumbukumbu. Alikaa pembeni, magoti pamoja.

Anaeli alisema kwamba jaladani imeonekana barua moja tu ya kada, ya uthibitisho wa 2019, na mfumo umeshika hiyo. Kama ipo ya nyuma yake, ailete.

"Sina," alisema Hajira.

"Ilipotea?"

"Ilifungiwa karanga, nyumbani kwangu, mwaka huohuo. Mafundi wa barabara walizila."

Kalamu ya Anaeli ikasimama. Alimtazama Hajira kuona kama anacheza, akaona hachezi.

"Sasa Mama Hajira unataka nikusaidieje?"

"Naomba rejista ya mzunguko wa majalada ya mwaka 2013. Sijaomba jalada langu, jalada langu sina ruhusa nalo. Rejista ni ya ofisi. Iko stoo ya juu, rafu ya mkono wa kushoto, imefungwa na ya 2012 kwa kamba ya katani."

Goodluck alitumwa, akaileta. Ilikuwa kitabu kikubwa chenye kava la bluu, mende wameonja pembe zake. Anaeli akamwambia aisome Novemba. Goodluck akafungua, akashuka na kidole, kisha kidole kikagoma. Hati ile aliitambua kabla ya maneno. Ilikuwa ya kwake, ya utoto wake wa kazi, herufi kubwa kubwa zinazoegemea kushoto.

"Soma kwa sauti," alisema Anaeli.

"Jalada namba 211, kwa mkurugenzi, tarehe sita." Akashusha kidole mstari mmoja. "Tarehe kumi na tisa. Barua ya kubadilishiwa kada imeingia. Jalada halipo. Limefunguliwa jalada la muda, 211. Sahihi, G."

"G nani?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Tarehe ya kuunganisha?"

Goodluck akageuza ukurasa, akageuza na mwingine. Jalada la asili lilikuwa limerudi tarehe mbili Desemba, na mazoezi yake yeye yaliisha tarehe ishirini na tisa Novemba. Safu ya kuunganisha ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu kwa miaka kumi na moja.

Anaeli akamwambia akalitafute. Kisha akafikiri, akanyoosha mkono kwenye simu ya mezani amwite mlinzi afuatane naye.

"Mwache aende peke yake," alisema Hajira.

Goodluck alipotoka, Anaeli aliinama mbele. Alimuuliza kama anaelewa huyo kijana ana nini cha kupoteza. Barua ikipatikana, mama anampita kwenye tange, na kukaimu kunamwendea aliye mkubwa.

"Naelewa."

"Akirudi mikono mitupu?"

"Hatarudi mikono mitupu. Nilimfundisha mimi."

Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyosemea cha bluu, rafu ya pili. Lakini chini ya meza kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kidole kile kilichokuwa cha manjano.

Kule stoo, Goodluck hakutafuta. Alijua. Mwaka aliopata ajira, kazi yake ya kwanza ilikuwa kusafisha meza za masjala, na kava zote nyembamba zilizokuwa zimezagaa alizifunga pamoja na majalada yaliyokwisha kazi, akazipandisha huku bila kusoma. Akavuta furushi la 2014, akakata kamba. La saba lilikuwa 211. Ndani palikuwa na karatasi moja, nzito, na bibi na bwana wameshika pembe za tembo, weupe kana kwamba wamefika jana.

Alikaa juu ya katoni. Mende alipita juu ya kiatu chake. Mende wa stoo ile wanakula serikali kila siku na hakuna anayewauliza. Karatasi moja zaidi ingekuwa nini? Mkewe Violeth alikuwa ameshapiga hesabu ya posho ile ya kukaimu, ameshaigeuza bati za nyumba. Akaikunja barua mara moja, kwa urefu, ikawa sawasawa na mfuko wa shati.

Hapo akakumbuka kifuniko. Siku za mazoezi hakuwa analipwa, na mchana alikuwa anajifanya anapanga rafu wenzake wakila. Hajira hakuwahi kumuuliza kama ana njaa. Kila siku alikuwa anafungua bakuli lake, anasema leo nimepakua mno, anamegea nusu kwenye kifuniko na kukisukuma upande wa pili wa meza, huku anaendelea kumweleza habari za wino mwekundu. Miezi mitatu alipakua mno kila siku.

Goodluck akaikunjua barua juu ya goti, akailainisha kwa kiganja mpaka mkunjo ukafifia, ila haukwisha.

Dakika ishirini zilikuwa zimepita aliporudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kava aliliweka mbele ya Anaeli kwa mikono miwili.

"Nililiacha mimi," alisema. "Na huo mkunjo wa katikati ni wangu pia. Ni wa leo."

Anaeli akasoma barua, akasoma tarehe, akaiangalia tena. Kisha akamtazama Goodluck, akaupitisha kidole juu ya mkunjo. Akaandika. Alisema tange itarekebishwa kabla ya Mei Mosi, mama atasogezwa hadi namba nane, na jina lake litakwenda kwenye mserereko pamoja na wenzake wa 2013. Fedha itakuja na mshahara wa Julai, au wa Agosti, serikali ni serikali. Na la kukaimu atalipeleka kwa mkurugenzi leo hii.

Hajira alishukuru, akasimama. Magoti yalimgomea kidogo, Goodluck akamshika kiwiko, naye akakubali kushikwa.

*

Ilibaki kazi moja, na ilikuwa ifanyike siku hiyohiyo. Ndiyo sheria, hata ikichelewa miaka kumi na moja. Kule masjala, Goodluck alikuwa ameshatoa koti lake kwenye kiti cha mkuu. Alilitundika kwenye msumari, lakini Hajira hakukikalia kiti. Alimpa ufunguo, akaenda mlangoni, akasimama ameipa rafu mgongo, uso nje kwenye mvua. Caroline aliacha kuandika.

Akasikia jalada lake likitolewa. Akasikia kava likifunguliwa.

"Folio ya mwisho kabla ya tarehe kumi na tisa Novemba ni namba ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Thelathini na nne, Mama."

"Basi hii iandike thelathini na nne A. Zinazofuata usizisumbue. Wino?"

"Mwekundu."

"Rejista, safu ya kuunganisha. Tarehe ya leo, usiibe ya nyuma. Sahihi, jina zima."

Kalamu ilikwaruza. Kisha ukaja mlio mdogo wa uzi ukipita kwenye matundu ya karatasi.

"Nimemaliza, Mama."

"Hujakaza."

"Nimekaza."

"Goodluck, nimesikia. Fungua ufunge upya. Caroline, njoo na wewe uangalie, maana wako unanitia aibu."

Caroline akaja. Uzi ukalia mara ya pili, na safari hii mlio ulikuwa mfupi. Jalada likarudi rafuni, ufunguo ukazungushwa. Hapo ndipo Hajira alipogeuka, akapokea ufunguo, akautia kibindoni, akaenda kukaa kwenye kiti, na neno la kwanza alilosema akiwa hapo ni kwamba leo amepakua mno, waje wale.

Saa kumi alishuka Gerezani kwa miguu, mvua imekatika. Pale kona palikuwa na mwanamke mpya anauza karanga, kwenye vifuko vya karatasi kama zamani. Alinunua viwili, kimoja chake na kimoja cha Bi Fatuma. Kabla ya kula alizimimina karanga kiganjani, akakikunjua kifuko chote, akakisoma mbele na nyuma hapohapo barabarani, watu wanampita. Kilikuwa daftari la mtoto wa darasa la nne, hesabu za kujumlisha, na mwalimu alikuwa ametia vema kila mstari. Hajira akakikunja vizuri, akakitia kwenye mkoba, akala karanga zake akitembea.